Nishikie Mto Huu, Dada

Sitaki unihurumie. Nimeishi kwa huruma ya wasomaji miaka mingi, nikanenepa kwayo, na katika sura hii nimekuja kuirudisha. Kama wewe ni mmoja wa wale walionishika mkono mlangoni mwa ukumbi fulani, machozi yakikulenga, ukaniambia "pole, mwandishi", basi kaa vizuri. Pole yako ninayo, haijachakaa. Ichukue.

Hii ni sura ya tisa. Wanaokijua kitabu changu wanajua kwamba hakina sura ya tisa. Inakuja ya saba, inakuja ya nane, kisha ya kumi, na msomaji anayefuatisha namba hujikwaa hapo katikati.

Nchi yetu, kwa asiyeijua, ina wiki ya siku sita. Jumatano ikiisha huingia Ijumaa. Mtoto ukimuuliza atakwambia ndivyo ilivyo tangu dunia iumbwe, na mtu mzima anayejua vingine amejifunza kukohoa. Alhamisi ilifutwa na Mkuu kwa tangazo la mistari miwili. Waliozaliwa siku hiyo, kina Hamisi wote, waliitwa kwenda kuchagua majina mengine. Saa nazo zilichanganyikiwa. Ziko zilizoshindwa kuvuka shimo hilo, zikasimama palepale tangazo lilipozikuta, saa nne asubuhi, na miji iliyo chini yake ikabaki na jua la saa nne mpaka leo. Watu wa miji hiyo hawazeeki sawasawa. Mtu anaweza kuwa na miaka thelathini na mitano na bado anamsubiri baba yake arudi kwa chakula cha mchana.

Barua iliyoniita ilitoka katika mji mmoja wa namna hiyo. Haikuwa na jina la mji. Iliandikwa hivi: *Tumekisoma kitabu chako. Tumekilalia siku saba. Tuna swali moja, nawe unalijua. Njoo na mto wako.* Chini yake: *Chama cha Wasomaji, kwa fundi magodoro.*

Swali nililijua, na jibu nilikuwa nalo, limekwisha kusuguliwa likang'aa.

Nimezunguka vyama vya wasomaji mpaka uso ukaota sugu ya tabasamu. Utaratibu wao ni mmoja. Viti vya plastiki nusu duara, soda zilizopoteza ubaridi, biskuti kwenye sahani ambayo hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuigusa. Mwenyekiti anasoma wasifu wangu na kunizeesha miaka minne. Halafu maswali. Wazo ulilipata wapi? Yule mjane ni mtu wa kweli, maana kuna jirani yangu anafanana naye? Yupo daima bwana mmoja ambaye hakukisoma kitabu lakini maoni yake ndiyo marefu kuliko ya wote. Nilikuwa nawapenda, usinielewe vibaya. Nilikuwa nawapenda kama mtu anavyopenda kioo kinachomwonyesha mwembamba.

Na mwisho kabisa, mtu wa nyuma, mara nyingi mwanamke, hukinyanyua kitabu na kuuliza: "Samahani, sura ya tisa iko wapi?"

Hapo nilikuwa na namna yangu. Nainamisha kichwa. Nahesabu moyoni mpaka nne. Navua miwani, naifuta kwa pindo la nguo, na kusema neno moja tu.

"Walikata."

Ukumbi mzima unavuta pumzi. Hakuna anayeuliza ni kina nani, maana kila mtu anadhani anajua. Wanasimama, wananipigia makofi, na foleni ya saini inafika mpaka nje. Ile pumzi waliyoivuta, mimi niliila. Nikirudi nyumbani nilikuwa sihitaji chakula cha jioni.

Katika kila kikao, kwenye kiti kilicho karibu na mlango, alikaa Karani wa Ofisi ya Ukamilifu, ile inayopitisha vitabu vyote nchini. Suti ya rangi ya majivu, faili kwapani. Hakugusa biskuti wala hakuuliza swali. Niliposema "walikata" alikuwa anaandika kitu kifupi kwenye faili lake, nami nilifurahi kwamba yupo, kwa sababu kuwepo kwake kuliipa hadithi yangu ushahidi.

Nilifunga safari. Begini niliweka kanga mbili, nakala tatu za kitabu, na mto wangu. Nina mto mdogo wa sufi ambao sijawahi kulala popote bila ya huo. Watu huwa nawaambia shingo yangu haipatani na mito ya wageni. Njia yenyewe siikumbuki. Nakumbuka kwamba Karani alikuwa anatembea mbele yangu, na kila nilipomkaribia nilimkuta nyuma yangu, na kwamba jua lilipofika saa nne halikusogea tena.

Misufi ya mji ule ilikuwa imepasua maganda yake. Sufi nyeupe ilielea barabarani, ikatua mabegani mwa watu, na hakuna aliyejishughulisha kuipangusa. Nyumba ya fundi magodoro niliijua kwa vitambaa vya mistari vilivyoanikwa nje.

"Hodi!"

"Karibu ndani, mwandishi. Pita, pita, usiogope vumbi, ndilo hewa yetu."

Alikuwa mwanamke wa makamo ya juu, sindano ndefu ya magodoro imechomekwa kwenye kilemba chake. Bi Mwanamize, mwenyekiti wa chama. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku macho yake yakilipima begi langu. Wasomaji walikuwa watu kumi na sita, wameketi chini, karibu kila mmoja na mto mapajani. Viti havikuwepo, wala soda. Karani alikuwa keshaingia, na kwa kukosa kiti alisimama kando ya mlango.

"Mto wako uko wapi?" Bi Mwanamize aliuliza.

"Sina," nikasema. "Sikuielewa barua."

Ulimi ulisema wenyewe. Begi lilikuwa miguuni pangu, nami nikalisukuma nyuma kwa kisigino.

"Haidhuru." Akanirushia foronya moja tupu, ya mistari ya buluu. "Shika hiyo. Hapa kwetu kitabu hakiishi kwa kusomwa. Ukimaliza ukurasa wa mwisho unaandika kile ambacho kitabu kimekufanya useme, unakishonea ndani ya mto, unakilalia siku saba. Siku ya kikao unafumua na kusoma. Maneno ya mtu aliyetoka kusoma sasa hivi hatuyataki. Huyo bado anasema ya mwandishi."

"Na asiyeota chochote?"

"Huyo hakusoma," alidakia mzee mmoja, wengine wakacheka.

Mzee huyo alikuwa Ngwali, kinyozi. Alinieleza bila kuulizwa kwamba yeye husoma ukurasa mmoja kwa kila kichwa anachonyoa, na kwamba kitabu changu kilimaliza vichwa mia mbili na kumi. "Sura ya nne ilikuwa ndefu bure," aliongeza. "Nilimkata mtu sikio." Nilicheka, na kilikuwa kicheko changu cha kwanza cha kweli mbele ya wasomaji kwa muda mrefu, maana hakuna aliyewahi kuniambia kwamba sura yangu yoyote ni ndefu bure.

Wakaanza kufumua.

Ndipo nilipoelewa kwamba waliofumua wote walikuwa wameandika kitu kimoja. Kila mmoja alikuwa ameandika sura ya tisa. Mzee Ngwali katika yake alisimulia mji ambao watu wote wananyolewa sawasawa mpaka mama anashindwa kumjua mwanawe. Mwanamke mwingine alileta barabara iliyokatika katikati na wasafiri wakaendelea kutembea hewani, kwa aibu ya kuwa wa kwanza kutazama chini. Zilikuwa sura nzuri, na nyingine zilinizidi. Nilikaa na foronya yangu tupu nikiona wivu wa kweli, kwamba shimo nililoliacha mimi limewafanya watu hawa kuwa waandishi.

Kisha Bi Mwanamize akachomoa sindano kichwani, akafumua wake.

"Mimi sijui kutunga," alisema. "Nimeandika nililoliona. *Siku moja, ambayo naambiwa haikuwepo, nilishona mto mdogo wa mtoto. Mwenyewe alikuja kuuchukua asubuhi. Uzi mweupe uliniishia, nikamalizia pembe moja kwa uzi mwekundu. Akasema haidhuru, mtoto atapenda. Akaondoka nao. Nikasikia king'ora cha kuitwa uwanjani.*" Akaikunja karatasi. "Basi."

Kisigino changu kilikuwa kinaligusa begi, na ndani ya begi, chini ya kanga, kulikuwa na pembe yenye uzi mwekundu.

"Siwatu," Bi Mwanamize aliita, "zamu yako, mwanangu."

Aliyeitwa alikuwa mwanamke mwenye uso mkavu, ameketi mbele kabisa, karibu yangu kiasi cha kunigusa goti. Hakuwa na mto. Alikuwa na kitabu changu tu, kimevimba kwa kufunguliwa mahali pamoja.

"Mimi sikuandika," alisema. "Mimi nilikuja kuchukua. Bi mwandishi, kitabu chako nilipewa na mtu aliyeniambia humo ndani imo Alhamisi. Nikasoma nikimtafuta baba yangu. Sura ya nane watu wanaitwa uwanjani. Sura ya kumi wanarudi majumbani, na wako pungufu. Watu kumi na saba hawapo, na hakuna anayesema wamekwenda wapi. Baba yangu yuko baina ya kurasa zako mbili. Cheti changu kimeandikwa Siwatu binti Fulani, kwa sababu jina lake liliondolewa pamoja na siku yake. Nataka sura ya tisa. Iko wapi?"

Niliinamisha kichwa. Mwili ulifanya wenyewe, umeshazoea. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Nikavua miwani.

"Walikata," nikasema.

Hakuna aliyevuta pumzi. Sufi iliendelea kushuka polepole juu ya mito iliyofumuliwa. Na kule mlangoni, kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, Karani akasafisha koo.

"Kwa idhini ya mwenyekiti," alisema kwa adabu, "Ofisi ingependa kuweka kumbukumbu sawa. Sisi hatujawahi kukigusa kitabu cha bibi huyu. Kililetwa kwetu kama kilivyo, bila sura ya tisa, tukakipitisha siku hiyohiyo. Hakuna aliyekata. Amekwenda mji kwa mji akiisingizia Ofisi, nasi tukanyamaza, kwa kuwa ilitufaa watu wadhani mkono wetu ni mrefu hivyo." Akatoa karatasi kwenye faili. "Hii ni Hati ya Ukamilifu. Inasema kitabu hiki ni kizima, hakina pengo wala hakijawahi kuwa nalo. Akitia saini, kitasomwa katika kila shule na kila chama cha wasomaji nchini, na yeye atakaribishwa kila mahali. Asipotia, itabidi aeleze hapa, mbele ya wapenzi wake, ni nani aliyekata na kwa nini. Sidhani atapenda. Na Ofisi italazimika kutangaza kwamba kitabu hakikuandikwa, na kwamba hakuna aliyekiandika. Ni mistari miwili tu, hatuchukui muda."

Akaiweka karatasi mapajani mwangu, juu ya foronya, na kalamu juu yake.

Niliwatazama wasomaji wangu. Nilitegemea kuwaona wamegeuza nyuso. Siwatu ndiye aliyekuwa amegeuza uso. Mzee Ngwali alikuwa anajikuna kidevu. Bi Mwanamize alikuwa anatia uzi kwenye sindano, jicho moja amelifumba.

"Tulijua," alisema.

"Mlijua nini?"

"Kwamba umekata mwenyewe. Mwanangu, mimi fundi. Serikali ikikata nguo hupiga pindo, ikapiga na pasi. Sura ya kumi ingeitwa ya tisa, ya kumi na moja ikaitwa ya kumi, na mpaka leo tusingejua kitu. Namba huachwa wazi na mwenye nguo. Mwenye nguo akipunguza gauni haitupi ile ya ziada, huikunjia ndani ya mshono, maana anajua iko siku mwili utaitaka. Wewe ulikunjia ndani. Tumekuita ufumue, hatukukuita uje utudanganye."

Wakati mwingine mtu husubiri miaka mingi hukumu ya wasomaji, kumbe wao wamekwisha kuhukumu na kusamehe na kupika chai, wanasubiri yeye tu afike. Lakini Siwatu hakuwa amesamehe. Hilo nililiona pia, na ndilo lililonipa nguvu, maana msamaha wa bure ningeula kama nilivyoila ile pole.

Niliishika kalamu ya Karani. Nitakuambia ukweli: nilifikiria kutia saini. Nilifikiria shule zote hizo. Niliwaza kwamba mtu aliyesahauliwa hana msomaji, na mwandishi asiye na msomaji ni mtu anayeongea peke yake chumbani, na nimewaona watu wa namna hiyo, hawavutii. Nikajiuliza moyoni, nikiwa sipo, ni nani atakayekuwa anajuta? Nikaona kwamba hilo ndilo wanalouza. Wanauza nafuu ya kutokuwepo. Nami nilikuwa mteja wao wa siku nyingi, tangu asubuhi ile uwanjani, kabla sijaandika hata mstari mmoja.

Nikaiweka kalamu chini. Nikalivuta begi, hati ikaanguka sakafuni, nikatoa mto.

Bi Mwanamize aliuona kabla haujatoka wote. Sindano ilimponyoka.

"Mshono wangu huo," alisema. "Pembe nyekundu."

Siwatu aligeuka.

Sikumtazama. Ningemtazama nisingeweza. Niliukata uzi mwekundu kwa meno, nikaingiza mkono ndani ya sufi, nikatoa kurasa kumi na moja zilizojikunja na kuwa na joto la kichwa changu. Nilikuwa nimeufuata utaratibu wa mji huu bila ya kuujua, ila badala ya siku saba kurasa hizo nilizilalia miaka tisa. Nikasoma. Sufi ikajaa chumba, ikawa vumbi la uwanja, na wao wote wakawa kwenye foleni pamoja nami.

*Alhamisi, saa nne asubuhi. Uwanja wa mpira. Meza moja katikati, karani mmoja, faili.*

(Nilimwona Karani mlangoni akijitazama mikono. Alikuwa ni yeye. Suti ileile.)

*Tumeitwa kuhesabiwa. Kila mtu ataulizwa swali moja: wewe ni nani? Jibu limebandikwa ukutani kwa herufi kubwa, ili asitokee wa kusingizia kwamba amesahau: MIMI NI WA MKUU.*

*Wengi wanalisema. Foleni inakwenda haraka. Lakini kila baada ya muda anatokea mmoja anayejibu jina lake. Hawakupanga. Wengine wanaonekana kushangaa wenyewe, kana kwamba jina limewatoka kama chafya. Mwenye kujibu jina anaelekezwa golini. Mpaka jua linachoma wamefika kumi na sita, wamekaa ndani ya goli, wavu nyuma yao, mabibi wametandika kanga.*

Hapa niliyasoma majina yao, moja moja. Nilipolitaja la tano, mtu mmoja nyuma alisema "kaka yangu" kwa sauti ndogo. Nilipolitaja la kumi na mbili, wawili walishikana mikono. Sikuharakisha. Kisha nikafika kwa wa kumi na saba, na hapo niliharakisha.

*Mbele yangu kuna fundi baiskeli. Ana kifurushi cha gazeti na vidole vyeusi kwa grisi. Zamu yake inakaribia. Anageuka na kunipa kifurushi.*

*"Nishikie mto huu, dada. Wa mwanangu. Nisije nikauchafua."*

*Naushika. Anajifuta mikono kwenye suruali, anakwenda mezani.*

*"Wewe ni nani?"*

*"Hamisi."*

*Karani anamwonyesha ukuta kwa kalamu.*

*"Nimeona," anasema Hamisi. "Maandishi mazuri. Lakini umeniuliza mimi."*

*Anaelekezwa golini. Anakwenda taratibu. Njiani anageuka kunitazama, nadhani anautazama mto.*

*Zamu yangu.*

*Wewe ni nani?*

*Nimesoma shule. Najua maneno mengi kuliko watu wote wa uwanja huu. Nasema haraka, kwa sauti safi, ili hata walio golini wasikie: "Mimi ni wa Mkuu." Halafu naongeza neno ambalo halikuandikwa ukutani, neno ambalo hakuna aliyeniomba.*

*"Daima."*

Nikaishusha karatasi. Yaliyobaki sikuhitaji kuyasoma.

"Hilo ndilo nililolikata," nikawaambia. "Nilikata kwa wembe, mezani kwangu, chai ikiwa bado ya moto. Hakuna aliyenitisha wala kubisha hodi. Ofisi sikuiogopa. Ningeiogopa Ofisi ningekuwa na udhuru. Niliwaogopa ninyi. Niliona kwamba mkilisoma hilo *daima* hamtanialika tena kwenye viti vyenu vya plastiki, basi nikafunika kombe mwanaharamu apite, na watu kumi na saba nikawafunika humohumo. Kisha nikaja kwenu kupokea pole yao."

Karani aliinama akaokota hati yake sakafuni. Akageuza upande wa nyuma, palipo wazi.

"Basi tufanye maelezo," alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua adabu. "Wewe ni nani?"

Nilijua kwamba atauliza hivyo. Nilikuwa nimeliogopa swali hilo maisha yangu yote, na lilipokuja lilikuwa swali la kawaida tu, la kujibiwa.

"Tausi binti Makame," nikasema. "Mwandishi wa kitabu chenye sura kumi na mbili, ya tisa ikiwemo. Tena andika vizuri, Makame kwa *k* moja. Mwenyekiti wa chama kimoja aliwahi kunikosea."

"Tarehe?"

"Alhamisi."

"Hakuna sehemu ya kuandika hilo."

"Chora."

Mtu alicheka. Karani akamgeukia. "Wewe ni nani?"

"Ngwali Mshenga, kinyozi," alijibu mzee. "Baba yako nilikuwa namnyoa, muulize."

"Na wewe?"

"Mwanamize wa magodoro. Nilishona mto siku ya Alhamisi."

Akaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa alikuwa karani na hakujua namna nyingine ya kuwa ndani ya chumba chenye watu. Kila aliyeulizwa alijibu jina lake, wengine na majina ya babu zao, na mmoja akasisitiza liandikwe pia lile la utani. Nafasi ya karatasi ikamwishia. Alipomfikia Siwatu hakuwa na mahali pa kuandika.

"Siwatu," alisema yeye bila ya kuulizwa, "binti Hamisi."

Karani akafunga faili.

"Kitabu hiki hakipo," alisema. "Mwandishi wake hayupo. Kikao hiki hakipo."

"Haya," alisema Mzee Ngwali, "basi kaa usikilize kisichokuwepo. Mito ya ziada iko."

Hakukaa. Alisimama mlangoni kitambo, sufi imemjaa mabegani, halafu akatoka. Tangazo litakuwa limekwisha kutolewa sasa, unaposoma haya. Umeona mwenyewe kama limefaa.

Nilimpa Siwatu mto wake. Ulikuwa umelegea, nusu ya sufi imemwagika sakafuni. Aliupokea kwa mikono miwili, akauweka mapajani, akaipapasa ile pembe nyekundu kwa kidole gumba.

"Miaka yote hii umelalia mto wangu," alisema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa unapata usingizi?"

Nilikuwa na jibu zuri la kumpa, jibu la mwandishi, lenye mikesha na majuto ndani yake. Lilikuwa limefika mpaka kwenye meno.

"Nilikuwa nalala vizuri sana," nikasema.

Hakuniambia pole. Hakuniambia chochote cha kunipoza, na sitamsahau kwa hilo. Kisha akasogea nyuma kidogo kunipa nafasi, akaukumbatia mto kama mtu anayejiandaa kwa safari, na wengine nao wakasogea, duara likakazika.

"Soma tena," alisema. "Ulipofika kwa baba ulikimbia. Safari hii usikimbie."

Nikavaa miwani, nikarudi ukurasa wa kwanza. Alhamisi, nikasoma, saa nne asubuhi.